Kazi ya Serikali si Nyara



Pana usemi unaoenea miongoni mwetu, nao twauona kuwa ni usemi wa hatari. Wasema wenye usemi huo kwamba karani mwerevu hatafuti mtihani, hutafuta mtu. Kwamba cheti ni karatasi tu, bali barua ya bwana mkubwa ndiyo ufunguo. Wengine walio wapole zaidi wasema: "Tuombe tupate wakubwa wema, maana mkubwa akiwa mwema, kanuni za nini?" Sisi twayakataa maneno hayo yote mawili. Na ili tusionekane kuwa twakataa kwa ukaidi, twaleta mbele yenu habari za mtu mmoja wa Marekani, George Hunt Pendleton, aliyeitungia nchi yake sheria ya kuzitoa kazi za Serikali katika mikono ya wenye kujuana. Msomaji asitazamie hadithi ya mtakatifu. Mahali pengine habari hizi zitamchukiza, nasi twaziandika hivyo hivyo zilivyo, kwa kuwa hoja yetu imo humo.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa kabla ya kuitaja dawa. Mwaka 1829 Jenerali Andrew Jackson aliingia katika urais wa Marekani. Yeye alifundisha kwamba kazi za Serikali ni nyepesi, kila mtu mwenye akili aweza kuzifanya, na kwamba si vema mtu mmoja akazikalia siku zote kana kwamba ni shamba la urithi. Hatusemi kwamba neno hilo halikuwa na haki yoyote ndani yake, kwa maana kabla yake nafasi nyingi zilikuwa zimeshikwa na jamaa chache zilizojuana. Lakini dawa iliushinda ugonjwa kwa ubaya. Mwaka 1832 Seneta William Marcy wa New York alisimama katika Seneti akanena waziwazi kwamba haoni kosa lolote katika kanuni ya kuwa mshindi ndiye mwenye nyara za adui. Tangu hapo desturi ikakaza mizizi. Kila chama kipya kilipotwaa madaraka, makarani, mabwana posta na watu wa forodha walitolewa, si kwa kosa, bali kwa kuwa waliwekwa na wenzao wa jana; na mahali pao wakaingia waliopiga kelele nyingi wakati wa uchaguzi.

Mfano mmoja watosha kuonyesha matunda yake. Mwaka huo huo wa 1829 Jackson alimpa rafiki yake, Samuel Swartwout, kazi ya kusimamia Forodha ya bandari ya New York, iliyokuwa ikiiletea Serikali sehemu kubwa ya mapato yake. Martin Van Buren, aliyekuwa waziri wa Jackson mwenyewe, hakulipenda jambo hilo, lakini urafiki ulishinda. Mwaka 1838 Swartwout alipanda meli akaenda zake Ulaya, na vitabu vya hesabu vilipofunguliwa ilionekana kwamba fedha zaidi ya dola milioni moja hazipo. Akipenda mtu chongo huita kengeza. Na Serikali ikiendeshwa kwa kupendana, hazina ndiyo inayolipa gharama za mapenzi hayo.

Wala tusidhani kwamba karani aliyepewa kazi kwa njia hiyo aliipata bure. Mkono mtupu haulambwi. Chama kilichompa kazi kilimtoza. Mwaka 1882 kamati ya chama cha Republican, iliyoongozwa na Jay Hubbell, mjumbe kutoka Michigan, iliwapelekea watumishi wa Serikali barua za kuwataka watoe mbili katika kila mia ya mishahara yao kwa ajili ya uchaguzi. Karani mwenye mshahara wa dola 1,200 kwa mwaka alidaiwa dola 24. Barua hizo ziliandikwa kwa lugha ya adabu, kana kwamba ni sadaka ya hiari. Lakini kila aliyezipokea alijua ni nani aliyemweka kitini, na ni nani awezaye kumwondoa. Twawauliza wale wanaosifu barua za wakubwa: je, mwafahamu kwamba barua ya namna hiyo ni hati ya deni, tena deni lisilo na siku ya mwisho?

Watu waliojaribu kuiondoa desturi hii hawakukosekana. Mwaka 1865 Thomas Jenckes wa Rhode Island alileta muswada katika Baraza la Wawakilishi, akitaka kazi zitolewe kwa mtihani. Alichunguza namna watumishi walivyochaguliwa katika Uingereza, Ufaransa, Prussia na China, akaandika taarifa ndefu. Muswada haukupita, mwaka 1870 alishindwa katika uchaguzi, na mwaka 1875 alifariki dunia. Rais Ulysses Grant naye aliweka tume mwaka 1871. Mitihani ikaanza, lakini Baraza likaacha kuipa tume hiyo fedha, na mwaka 1875 kazi yake ikakoma. Hapo pana funzo la kwanza, nalo twaomba liandikwe katika daftari la kila mwanachama: kanuni isiyopewa sheria wala fedha ni kivuli, nacho huondoka jua likigeuka.

Sasa tumtazame Pendleton mwenyewe. Alizaliwa mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio, tarehe 19 Julai 1825, katika ukoo wa watu wakubwa. Baba yake alipata kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Mkewe, Alice, alikuwa binti wa Francis Scott Key, aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa la Marekani. Pendleton alikuwa mwanasheria, mtu wa adabu nyingi na mavazi safi, hata watu wakampa jina la "George Muungwana". Aliingia katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1857, akakaa humo hata 1865. Chama chake kilikuwa cha Democratic.

Miaka hiyo ndiyo miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyopiganwa tangu 1861 hata 1865, navyo vilitokana na utumwa wa watu weusi. Pendleton alisimama pamoja na wale waliotaka mapatano na majimbo ya kusini. Mwaka 1864 aligombea cheo cha Makamu wa Rais pamoja na Jenerali George McClellan, wakashindwa na Abraham Lincoln. Na tarehe 31 Januari 1865, Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura juu ya badiliko la Katiba la kuukomesha utumwa katika nchi nzima, kura 119 zilikubali na kura 56 zilikataa. Miongoni mwa hao 56, tena katika viongozi wao, alikuwamo George Pendleton. Msomaji Mwafrika na alisome neno hilo mara mbili. Sisi hatulifichi wala hatulipaki chokaa. Muungwana huyu, mwenye ulimi laini na nguo safi, alipewa nafasi ya kukubali kwamba mtu asiuzwe, naye akakataa.

Baada ya vita nyota yake ilififia. Mwaka 1868 alitaka kuteuliwa na chama chake kugombea urais, asiteuliwe. Mwaka 1869 aligombea ugavana wa Ohio, akashindwa na Rutherford Hayes. Ndipo akawa mkuu wa kampuni ya reli ya Kentucky Central kwa miaka kumi. Kampuni hiyo ilikuwa ikiidai Wizara ya Vita fedha za tangu wakati wa vita. Deni hilo likalipwa, na Pendleton akachukua fungu kubwa kuwa ujira wake wa kulifuatilia. Mwaka 1876, mambo ya wizara hiyo yalipochunguzwa, habari hizo zilitoka nje, na maneno yakawa mengi. Basi hata katika habari ya fedha, mtu huyu hakuwa mweupe kama pamba.

Mwaka 1879 aliingia katika Seneti. Mwezi Desemba 1880 alileta muswada wake wa kwanza juu ya kazi za Serikali, uliofuata nyayo za Jenckes. Watu wa New York waliokuwa wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi waliutazama, wakaona una upungufu. Wakamwonyesha muswada mwingine, ulioandikwa hasa na mwanasheria Dorman Eaton, aliyekuwa amesafiri hadi Uingereza kuchunguza mitihani ya huko. Pendleton angeweza kuona haya au kukasirika. Hakufanya hivyo. Aliuweka kando wake, akauchukua wa wenziwe, akausimamia kama mali yake. Wangapi katika vikao vyetu wawezao kulifanya jambo hilo? Mara ngapi tumeona azimio zuri likitupwa kwa sababu tu halikutoka kinywani mwa mwenyekiti?

Hata hivyo muswada ungelala usingizi kama wa Jenckes, lau si msiba uliotokea. Tarehe 2 Julai 1881, katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington, mtu mmoja aitwaye Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield risasi. Guiteau alikuwa ameandika hotuba moja, akajisadikisha kwamba hotuba hiyo ndiyo iliyompa Garfield ushindi, na kwamba ujira wake ni kupewa ukonseli katika Ulaya. Kila siku alikwenda kugonga milango ya wakubwa, na kila siku alirudi mikono mitupu. Akili yake haikuwa timamu, hilo hatulikatai. Lakini wazimu wake ulijifunza lugha uliyoisikia kila mahali: kwamba aliyesaidia lazima apewe. Garfield aliteseka siku 79, akafa tarehe 19 Septemba. Guiteau akanyongwa mwaka 1882.

Aliyerithi kiti cha urais alikuwa Chester Arthur, ambaye ndiye aliyeisimamia Forodha ile ile ya New York tangu 1871 hata alipoondolewa na Rais Hayes mwaka 1878, akiwa mtu mkubwa wa kugawa kazi kwa watu wa chama chake. Nani angetazamia wema kutoka huko? Lakini nchi ilikuwa imekasirika. Katika uchaguzi wa mwezi Novemba 1882 chama cha Republican kilipigwa vibaya, na viongozi wake wakafahamu kwamba huenda mwaka 1884 watanyang'anywa urais pia. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: wengi wao waliona ni heri sheria ipite upesi, ili makarani waliokwisha wekwa na chama chao wafungiwe ndani wasije wakafukuzwa. Kwa hiyo tarehe 27 Desemba 1882 Seneti ikaupitisha muswada kwa kura 38 dhidi ya 5, na tarehe 4 Januari 1883 Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 155 dhidi ya 47. Arthur akatia sahihi tarehe 16 Januari 1883.

Na sheria yenyewe ilisemaje? Tutaeleza vifungu vyake vikubwa, maana wako watu wanaoisifu bila kuijua. Iliunda tume ya watu watatu, na wasizidi wawili kutoka chama kimoja. Iliagiza mitihani ya kushindania kazi, iliyo wazi kwa watu wote, nayo iwe juu ya mambo yaihusuyo kazi yenyewe. Iliweka muda wa kujaribiwa kabla ya mtu kuthibitishwa. Ilitangaza kwamba hakuna mtumishi wa Serikali aliye na wajibu wa kuchangia mfuko wa siasa, wala asiondolewe wala kudhuriwa kwa kukataa kuchanga. Ilikataza kuomba fedha za siasa ndani ya nyumba za kazi za Serikali. Ilikataza kumpa kazi mlevi wa kupindukia. Ilisema kwamba wakiwapo tayari watu wawili wa jamaa moja katika kazi hizo, wa tatu wa jamaa hiyo asiingizwe. Na kifungu tukipendacho kupita vyote ni kile kilichoagiza kwamba barua ya sifa kutoka kwa seneta au mjumbe wa Baraza isipokewe wala kutazamwa, ila kwa kushuhudia tabia ya mtu na mahali anapokaa. Aliyevunja sheria katika mambo ya kutoza fedha za siasa aliweza kutozwa faini hata dola 5,000, au kufungwa hata miaka mitatu, au vyote viwili.

Angalieni sana, ndugu. Waliotunga sheria hii walikuwa maseneta na wajumbe wenyewe, na barua walizozifungia mlango ni barua zao wenyewe. Walijua thamani yake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiziuza.

Mwanzoni sheria ilizigusa kazi kama kumi tu katika kila mia: za wizara mjini Washington, na za forodha na posta zenye watumishi hamsini au zaidi. Zilizobaki ziliendelea kuwa nyara. Lakini sheria ilimpa Rais uwezo wa kuongeza, na kila Rais alipokaribia kuondoka aliongeza, aghalabu kwa nia ile ile ya kuwafungia ndani watu wake. Bandu bandu huisha gogo. Ilipofika miaka ya 1920 kazi nyingi zaidi za Serikali ile zilikuwa chini ya mitihani. Hivyo tamaa ya kila chama ilisaidia kulizika shimo ambalo vyama hivyo hivyo vilikuwa vimelichimba.

Pendleton alipata nini? Alipata adhabu. Watu wa chama chake katika Ohio walikuwa wamengoja miaka zaidi ya ishirini ili siku moja wagawiwe kazi za Serikali, na huyu ndugu yao akawafungia ghala mlangoni pa mavuno. Siku hizo maseneta walichaguliwa na mabaraza ya majimbo, wala si kwa kura za raia kama ilivyokuwa baada ya 1913. Mwezi Januari 1884 wajumbe wa chama chake katika baraza la Ohio walimwacha, wakamchagua Henry Payne, ambaye mwanawe alikuwa mtunza fedha wa kampuni kubwa ya mafuta ya Standard Oil. Watu wengi walilia kwamba kura hizo zilinunuliwa. Mashtaka yalipelekwa hata Seneti, nayo mwaka 1886 ikakataa kuyachunguza. Mwaka 1885 Rais Grover Cleveland alimpeleka Pendleton Ujerumani kuwa balozi. Alifariki mjini Brussels, katika Ubelgiji, tarehe 24 Novemba 1889. Na hata ubalozi huo haukutolewa kwa mtihani. Alipewa na rafiki wa chama chake, kwa njia ile ile ya zamani ambayo sheria yake ilikuwa haijaigusa.

Basi tuseme nini juu ya mtu huyu? Wako watakaosema: mtu aliyeukataa uhuru wa watumwa, sisi Waafrika tujifunze nini kwake? Twawajibu: twajifunza kwamba kanuni njema yafaa kutwaliwa popote ilipo, na kwamba haingoji mtu mwema ndipo izaliwe. Lau Marekani ingengoja mwanasheria asiye na doa, Rais asiyepata kugawa vyeo, na Baraza lisilo na tamaa, ingekuwa yangoja hata leo. Sheria ile ilitungwa na mtu mwenye madoa, ikapitishwa na chama chenye hofu, ikatiwa sahihi na bwana wa zamani wa kugawa nyara. Na juu ya hayo yote ikamlinda karani mnyonge asitozwe mshahara wake. Ndiyo maana twasema kwamba wanaotuambia "ombeni wakubwa wema" watupotosha. Mkubwa mwema hustaafu, huhamishwa, hufa. Akiondoka, wema wake huondoka naye katika sanduku moja. Kanuni iliyoandikwa hubaki juu ya meza, na yule ajaye baada yake, mwema au mbaya, huikuta.

Lakini tusiende upande wa pili tukadhani kwamba kanuni ikisha kuandikwa yatosha kulala. Hapa habari zatuhusu sisi watu weusi zaidi ya mahali pengine pote. Mitihani ile, kwa kuwa haikuuliza rangi, iliwafungulia njia vijana wengi weusi wa Marekani, wanaume na wanawake, wakaingia katika ukarani wa Serikali mjini Washington na katika posta, wakajenga nyumba na kusomesha watoto kwa mishahara hiyo. Mwaka 1913 Rais Woodrow Wilson akaingia, na katika mwaka huo huo mawaziri wake wa Fedha na Posta waliruhusu makarani weusi watengwe na wenzao, katika vyumba vya kazi, vya kulia na vya kunawia. Mwaka 1914 Tume yenyewe, ile iliyoundwa na sheria ya Pendleton, ikaamuru kwamba kila aombaye kazi abandike picha yake katika karatasi ya maombi.

Picha tu, ndugu zetu. Hakuna neno hata moja la sheria lililofutwa. Mtihani uliendelea kuwa wazi kwa watu wote. Lakini mkuu wa idara aliletewa majina ya watu watatu wa juu, naye akapewa hiari ya kuchagua mmoja katika hao. Na sasa aliziona nyuso zao. Aliyeongoza kwa alama aliweza kurukwa, akarukwa tena, bila ya kuambiwa kwa nini. Mwandishi wa magazeti mweusi, William Monroe Trotter, alikwenda kwa Rais mwaka 1913 na tena mwaka 1914 kulalamika, na mara ya pili maneno yakawa makali hata Rais akakasirika. Picha hizo hazikuondolewa hata mwaka 1940. Kwa miaka 26 tundu dogo kama la sindano liliruhusu ngamia kupita.

Na hata baada ya hayo mambo hayakukoma. Tume ile ilivunjwa kwa sheria ya mwaka 1978, kazi zake zikagawiwa vyombo vipya. Mwezi Oktoba 2020 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuunda daraja la watumishi ambao wangeweza kuondolewa kwa wepesi. Januari 2021 Rais Joe Biden akaifuta. Januari 2025 Trump, aliporudi, akairudisha. Hatuingii katika ugomvi wa vyama vyao. Twataka tu msomaji aone kwamba ukuta uliojengwa mwaka 1883 wahitaji mlinzi hata leo, na kwamba kalamu moja yaweza kuutoboa.

Sasa turudi kwetu, kwa wale waliotufanya tuandike. Watatuambia: "Ninyi mwasema kizungu. Kwetu kumsaidia ndugu ni wajibu, na asiyemwingiza mpwa wake kazini ni mtu asiye na utu." Sisi hatuudharau undugu. Mtu amlishe mpwa wake katika sahani yake mwenyewe, amlipie karo kwa mshahara wake mwenyewe, na amkalishe usiku akimfundisha hesabu na mwandiko hata ashinde mtihani. Huo ndio undugu, na Mungu ataulipa. Lakini kiti cha Serikali si sahani ya mtu. Ukimpa mpwa wako kiti hicho, umempokonya mtoto wa mjane aliyesoma kwa taa ya kibatari, asiye na mjomba ofisini. Na huyo naye ana ndugu. Je, undugu ni wa jamaa yako peke yako?

Watatuambia tena: "Mtihani huwapendelea waliosoma shule nzuri." Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi hatutalikwepa. Dawa yake ni kuongeza shule, na kuufanya mtihani uulize mambo ya kazi yenyewe, kama sheria ile ilivyoagiza. Kumrudishia mkubwa hiari ya kuchagua uso ampendao hakutamsaidia asiyesoma; kutamsaidia aliyezaliwa karibu na mkubwa. Maskini akishindwa mtihani aweza kuurudia. Akikosa mjomba, ataurudia wapi ujomba?

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano wa wanachama mambo manne, twaomba yajadiliwe bila ya woga. La kwanza, kila nafasi ya kazi itangazwe mahali pa wazi, penye kusomwa na watu wote, na siku za kutosha kabla ya kujazwa. La pili, alama za mtihani zibandikwe, za aliyeshinda na za aliyeshindwa. La tatu, aliyeongoza kwa alama akirukwa, apewe sababu kwa maandishi, yenye sahihi ya mtu. La nne, nalo ndilo zito, sisi wenyewe wanachama tuweke ahadi kwamba hakuna mmoja wetu atakayebeba barua ya mkubwa kwenda kujiombea cheo, wala atakayeandika barua ya namna hiyo kwa ajili ya jamaa yake. Hatuwezi kuwadai wakubwa waufunge mlango wa mbele ilhali sisi twaingia kwa dirisha la uani.

Twajua kwamba jambo la nne litawaudhi wengine, na huenda likatupunguzia wanachama. Pendleton alipoteza kiti chake kwa jambo lililofanana na hilo, naye alikuwa mtu wa mali na ukoo. Sisi tulio na mishahara midogo tuna mengi zaidi ya kupoteza. Lakini yule karani wa Washington aliyekatwa dola zake 24 hakuwa tajiri pia, wala yule kijana mweusi aliyeongoza mtihani mwaka 1914 akarukwa kwa sababu ya picha. Hao ndio wenzetu. Tukiacha kazi ya Serikali iwe nyara, tusishangae siku nasi tutakapotekwa pamoja nayo.